Mapenzi, uzuri na kuzaa kwa Plato: jibu kwa dada aliyeuliza kama asiye na mtoto amewahi kupenda

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha. Yuko kwenye ndoa miaka kadhaa sasa na hawajajaliwa mtoto. Mume wake alisoma falsafa chuoni, jioni moja wakawa wanabishana, mume akamwambia kwamba kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mapenzi ni "kuzaa ndani ya uzuri", na hilo neno limemkaa kichwani mpaka leo. Anauliza uzuri unaingiaje kwenye mambo ya kuzaa, halafu sisi ambao hatujazaa ina maana kwa hawa Wagiriki hatujapenda bado? Na ni kweli Plato alidharau ndoa na watoto? Mwisho kaomba aelekezwe aanze kusoma wapi.

Dada, salama. Mumeo kanukuu vizuri ila kakata sentensi kabla haijaisha, na kile kipande alichokiacha ndo kinajibu swali lako la pili. Maneno kamili ni kuzaa ndani ya uzuri, kwa mwili na kwa roho. Hayo "na kwa roho" sio mapambo, kitabu kizima kinazungukia hapo, ila ili uyaelewe lazima tupite kwanza kwenye stori yenyewe.

Kitabu ni Karamu (Symposium). Plato alikiandika karne ya 4 KK lakini mambo anayoyasimulia ameyaweka nyuma, mwaka 416 KK, Athens, nyumbani kwa Agathon, kijana aliyekuwa ametoka kushinda mashindano ya tamthilia na tamthilia yake ya kwanza kabisa. Jana yake walikunywa sana kusherehekea, leo wana hangova, kwahiyo daktari mmoja hapo anaitwa Eryximachus akatoa wazo kwamba leo kila mtu anywe anavyojisikia na badala ya kushindana kulewa kila mmoja atoe hotuba ya kumsifu Eros, mungu wa mapenzi. Binti aliyekuja kupiga filimbi wakamwambia aende akajipigie mwenyewe au akawapigie wanawake huko ndani. Hiyo ya wanawake kuwa huko ndani iweke akilini, nitaihitaji mbele.

Hotuba za mwanzo nitazipita haraka. Phaedrus anasema mapenzi yanafanya watu wawe mashujaa, Pausanias anagawa mapenzi mafungu mawili, ya hovyo na ya heshima, daktari anaongea kama daktari. Aristophanes, yule mchekeshaji wa jukwaani, alishikwa na kwikwi zamu yake ilipofika ikabidi wabadilishane na daktari, halafu akaja na ile hadithi ambayo naamini umewahi kuisikia bila kujua imetoka wapi: zamani watu walikuwa wa duara, mikono minne, miguu minne, nyuso mbili, wakawa na kiburi, Zeus, mkubwa wa miungu, akawakata katikati, na tangu hapo kila mtu anatafuta nusu yake. Agathon akamalizia kwa kusema Eros ni kijana, mlaini, mzuri kuliko miungu yote, wakampigia makofi nyumba nzima.

Socrates, mwalimu wa Plato, naye akaomba amuulize Agathon vimaswali vidogo tu. Mtu anatamani kitu alichonacho au anachokikosa? Anachokikosa. Na hata tajiri anayesema natamani utajiri, anatamani nini hasa, si aendelee kuwa nao kesho, kitu ambacho leo hana uhakika nacho? Ndiyo. Sasa kama mapenzi yanatamani uzuri basi mapenzi yenyewe hayana uzuri, au vipi? Agathon akabaki anakiri kwamba inaelekea hakujua alichokuwa anasema. Kiukweli hapa nawaambiaga wanafunzi wangu wasimcheke, maana ndo makosa yetu wote, tukimpenda mtu mzuri tunadhani na penzi lenyewe ni kitu kizuri, wakati kwa Socrates penzi ni njaa.

Baada ya hapo Socrates haongei tena kama yeye. Anasema haya mambo alifundishwa na mwanamke, Diotima wa Mantinea, mtu wa mambo ya miungu, ambaye aliwaelekeza watu wa Athens kutoa sadaka na tauni ikacheleweshwa miaka 10. Wasomi wengi wanaamini Plato kamtunga. Mimi kwangu ishu sio kama aliishi, ishu ni kwamba Plato alikuwa na Ugiriki nzima ya wanaume wa kuchagua, na kwenye hotuba muhimu kuliko zote akaamua mwalimu awe mwanamke, tena awe anamfundisha Socrates kama mwanafunzi mzito kuelewa, kuna mahali anamwambia jitahidi kunifuata kama unaweza.

Diotima anaanza kwa kumshusha Eros cheo. Sio mungu, sio mwanadamu, yuko katikati anapeleka na kurudisha habari. Baba yake ni Poros, yule asiyekosa njia, mama yake ni Penia, Umaskini. Siku miungu walipokuwa wanasherehekea kuzaliwa kwa Aphrodite, mungu wa kike wa uzuri, Poros alilewa akalala kwenye bustani ya Zeus, Penia alikuwa mlangoni anaomba makombo kama maskini wanavyofanya penye sherehe, akaona hii ndo nafasi yangu, akaenda akalala naye akapata mimba. Kwahiyo mtoto karithi pande zote mbili, anatembea peku, hana nyumba, analala kwenye vizingiti vya watu, lakini ni mjanja, mwindaji, hakosi mbinu, na anachokipata leo kinamponyoka kesho. Ona kwamba stori yenyewe ya asili ya mapenzi ni stori ya mimba, na aliyeitaka mimba ni mama, baba alikuwa usingizini!

Sasa swali lako la kwanza. Diotima anamuuliza Socrates, anayependa vitu vizuri anataka nini? Viwe vyake. Vikishakuwa vyake, anapata nini? Socrates akakwama. Diotima akabadilisha kidogo, tuseme anapenda mema, yakishakuwa yake anapata nini? Hapo rahisi, anapata furaha ya maisha, na ukifika hapo huulizi tena unaitaka ya nini. Na anataka mema yawe yake kwa muda au siku zote? Siku zote. (Katikati hapo anampiga dongo Aristophanes: watu hawatafuti nusu zao, mtu yuko tayari akatwe hata mguu wake mwenyewe kama umeoza, kwahiyo kuwa "wangu" hakutoshi, lazima kiwe chema.) Basi mwanadamu anataka mema yawe yake milele. Tatizo mwanadamu anakufa. Sasa kiumbe anayekufa anafanya shughuli gani ili apate kitu cha milele? Jibu ndo hilo la mumeo, kuzaa ndani ya uzuri.

Socrates mwenyewe anakiri maneno hayo yanahitaji mganga wa kuyaagua, basi Diotima anamfafanulia. Anasema watu wote wana mimba, ya mwili na ya roho, na wakifika umri fulani asili yetu inataka kuzaa. Haiwezi kuzaa mbele ya kibaya, inaweza mbele ya kizuri tu. Mwenye mimba akikikaribia kizuri analegea, anafurahi, anajifungua. Akikutana na kibaya ananywea, anajikunja kwa huzuni, anageuka, na mzigo wake anabaki nao kwa maumivu.

Soma huo mpangilio polepole maana uko tofauti na tulivyozoea. Sisi tunasema unaona mtu mzuri, unampenda, halafu mimba baadae. Kwa Diotima mimba ipo tayari kabla hujakutana na mtu yeyote. Uzuri haupandi kitu ndani yako, kazi yake ni kukufungua. Ndo maana anaufananisha uzuri na Eileithyia, mungu ambaye wanawake wa Ugiriki walimuita wakiwa kwenye uchungu. Na kisha anatoa sentensi ambayo wengi wanaisoma wakiwa wamesinzia, ukipata kitabu iko kwenye namba 206e, kwamba mapenzi sio ya uzuri, Socrates, kama unavyodhani. Ni ya kuzaa na kujifungua ndani ya uzuri. Yani yule anayesema Plato alifundisha kwamba mapenzi ni kuukimbilia uzuri basi kasoma nusu, uzuri ni mkunga tu, shabaha ni kitu kitakachobaki.

Na kuna ajabu nyingine humo, nani kabeba hiyo mimba? Wote pale mezani ni wanaume. Athens hiyo hiyo, mwaka 458 KK, watu walikaa kwenye tamthilia ya Aeschylus wakamsikia mungu Apollo akitetea mahakamani kwamba mama sio mzazi hasa, yeye anailea tu mbegu aliyopewa, mzazi ni baba. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, baadae kidogo naye akaja na lake, baba anatoa umbo na mwendo, mama anatoa malighafi. Sio Wagiriki wote waliamini hivyo, kuna matabibu wa kundi la Hippocrates waliosema wazi kwamba mwanamke naye ana mbegu yake, lakini hiyo ya baba ndo mzazi ilikuwa na nguvu sana. Sasa kwenye hali hiyo Plato anamweka mwanamke anasema kupenda kunafanana na kubeba na kujifungua, uchungu na kila kitu, na wanaume wote humo ndani wanaelezwa kwa lugha ya tumbo. Mmoja anaweza kusema wanaume wameiba, wamechukua uzazi wa wanawake wakaufanya wao wa kiroho, na huo ulalamishi upo na una nguvu. Mwingine atasema ni heshima. Mimi nadhani yote mawili yapo na Plato hakuona shida.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kiko katikati na watu wanakiruka wakikimbilia ngazi (ngazi nakuja). Diotima anauliza kwanini hata wanyama wanaugua kwa mapenzi, kwanza kupandana halafu kulea, mpaka mnyama dhaifu anapigana na mwenye nguvu akiwatetea watoto wake, anakaa na njaa ili wao wale. Binadamu ungesema wamefikiri, mnyama je? Jibu lake ni kwamba kila kinachokufa kinatafuta kuwepo siku zote kwa kadiri kinavyoweza, na kinaweza kwa njia moja tu, kuacha kipya mahali pa cha zamani. Halafu anaenda mbali zaidi ya watoto. Anasema hata wewe mwenyewe, tunayesema ni mtu yule yule toka utotoni hadi uzee, huna hata siku moja vitu vile vile ndani yako, nywele, nyama, mifupa, damu, vyote vinaondoka na vinakuja vipya. Ni kama nyumba ya makuti, kila baada ya muda unaezeka upya, na bado mtaani wanasema nyumba ya bibi fulani. Na sio mwili tu, tabia, maoni, tamaa, raha, hofu, kila kimoja kinakuja na kuondoka. Mpaka ujuzi. Anasema tunaposoma na kurudia ni kwasababu ujuzi unatutoka, kurudia kunaweka kumbukumbu mpya badala ya ile iliyoondoka, ndo maana unaonekana ni ujuzi ule ule.

Sasa hapo nijibu swali la pili, maana umeuliza kwa uchungu na sitaki nikuzungushe. Kwa Diotima hakuna mtu aliye nje ya kuzaa. Kuwa hai tu ni kuzaa, wewe wa leo umezaliwa na wewe wa jana. Mtoto wa mwili ni mfano mmoja wa jambo ambalo kila kiumbe kinalifanya, sio mlango wa kuingilia. Na kwenye hoja yake hakuna mahali popote anaposema asiye na mtoto hajapenda, tena ukiifuata sawasawa inasema kinyume, kwasababu mapenzi ni ile hali ya kuwa na mzigo na kutafuta pa kujifungulia, na hiyo hali kasema ni ya watu wote.

Ila sitakudanganya kwamba Diotima alikuwa anakufariji. Anachofanya baada ya hapo ni kupanga madaraja, na anayapanga bila huruma. Wenye mimba ya mwili zaidi wanaenda kwa wanawake, wanazaa watoto, wanadhani wamejipatia kukumbukwa na furaha kwa siku zote zijazo. Wenye mimba ya roho wanazaa busara na maadili mema, na hapo anawataja washairi, Homer na Hesiod, na watunga sheria, Lycurgus kule Sparta na Solon pale Athens. Anasema mtu yeyote akiangalia aliowaacha Homer angependa watoto wa namna hiyo kuliko wa kibinadamu, na anaongeza kwamba wapo waliojengewa mahekalu kwa ajili ya watoto wa aina hiyo, wa kibinadamu hakuna aliyejengewa.

Hapa mimi simkubali. Kwanza nani kaulizwa? Kumbuka wale wanawake huko ndani. Maongezi yote ya mimba, uchungu na kujifungua yanaendelea sebuleni kwa Agathon kati ya watu ambao hakuna hata mmoja amewahi kulala usiku na uchungu, na waliowahi kuupitia uchungu huo wako chumba cha pili wanasubiri filimbi ambayo sijui kama ilifika. Mtu akiwa hajabeba ni rahisi kusema kubeba ni daraja la chini. Pili hiyo hoja ya mahekalu ni hoja ya sifa, na Diotima mwenyewe kasema wapenda sifa wanakimbizana na jina lisilokufa, akamtaja Alcestis aliyekufa badala ya mumewe Admetus na Achilles aliyemfuata rafiki yake Patroclus kwenye kifo, kwahiyo kupima mtoto kwa kuangalia nani kajengewa hekalu ni kupima kwa mizani ya daraja ambalo yeye mwenyewe anataka tulipande na kulipita.

Lakini kuna jambo kwenye kipande hicho hicho ambalo ningependa ulisome mara mbili. Mwenye mimba ya roho hajifungui peke yake. Anatafuta mtu mwenye roho nzuri, na akimpata maneno yanamjaa, wanaongea mtu mzuri anapaswa kuwaje na ashughulike na nini, na kinachozaliwa wanakilea wote wawili, na Diotima anasema ushirika wao ni mkubwa na urafiki wao ni imara zaidi kuliko wa watu walioshirikiana watoto wa kawaida. Watu wanaosoma hapo wanafikiri Plato anasema andika kitabu upate kukumbukwa. Hapana, Homer ni mfano wa mbali. Picha anayoichora karibu ni ya watu wawili wanaoongea, mwaka hadi mwaka, na kitu fulani kinakua katikati yao.

Niseme wazi pia kwamba hao wawili kwenye kichwa cha Plato ni mwanamume mzima na kijana wa kiume, kwasababu huo ndo ulikuwa utamaduni wa matajiri wa Athens, na uhusiano huo jinsi walivyouishi leo ungempeleka mtu mahakamani. Huwezi kusoma Karamu ukajifanya hilo halipo. Plato mwenyewe kwenye uzee wake, kwenye kitabu chake Sheria, alikuja kukataa tendo la namna hiyo moja kwa moja.

Ngazi sasa, kwa kifupi maana ndo kitu ambacho kila mtu anakijua. Unaanza na mwili mmoja mzuri, unagundua uzuri wa mwili mmoja ni ndugu wa uzuri wa miili yote, unapanda kwenye roho nzuri, halafu desturi na sheria nzuri, halafu elimu, unafika mahali anapaita bahari kubwa ya uzuri, na mwisho kabisa unauona uzuri wenyewe, ambao hauzaliwi, haufi, hauongezeki, haupungui, sio mzuri upande huu na mbaya upande ule. Inasomeka kama mtu anayepaa na kuacha dunia. Ila angalia anafanya nini akifika juu. Haketi akatazama tu. Anazaa! Anazaa wema wa kweli sio vivuli vya wema, anaulea, anakuwa rafiki wa miungu. Kwenye kila ngazi toka chini mtu anazaa maneno mazuri, na juu kabisa anazaa maisha mazuri.

Ugomvi mkubwa wa wasomi uko hapo. Gregory Vlastos, mmoja wa waliosoma Plato kwa makini sana karne iliyopita, alilalamika kwamba kwenye ngazi hii mtu unayempenda anakuwa kijukwaa tu, unapenda sifa alizonazo, humpendi yeye, na siku ukiona hizo sifa kwingine unapita. Nakubaliana nae zaidi ya nusu. Kinachonizuia kukubali yote ni kwamba kitabu hakiishii hapo. Diotima akimaliza tu mlango unagongwa, Alcibiades, mwanasiasa kijana wa Athens, anaingia amelewa, kavaa taji la maua, akakataa kumsifu Eros, akasema nitamsifu Socrates. Na anachosema ni kwamba huyu mtu hafanani na mtu mwingine yeyote, wa sasa wala wa zamani. Anasimulia alivyomtega Socrates wakalala chini ya joho moja na hakuna kilichotokea, akaamka kama amelala na baba yake au kaka yake, na aibu ile haijamtoka. Plato angeweza kufunga kitabu kwenye uzuri wa milele, akachagua kumpa maneno mlevi mwenye jeraha anayempenda mtu mmoja. Na wasomaji wake walijua Alcibiades aliishia wapi, mwaka mmoja tu baada ya karamu hiyo alikuwa ametoroka na kuhamia kwa maadui wa Athens, Sparta. Uzuri alikuwa nao kuliko mtu yeyote mjini, mkunga mzuri alikuwa nae, Socrates, na bado alichokibeba hakikuzaliwa salama. Nafikiri Plato alitaka tulione hilo.

Swali la tatu, alidharau ndoa na watoto? Plato hatuna habari yoyote ya mke wala mtoto, na alipofariki shule yake, Akademia, ilichukuliwa na Speusippus, mtoto wa dada yake Potone. Kwenye kitabu chake Jamhuri alipendekeza jambo ambalo ukilisoma utashtuka, walinzi wa mji wasiwe na familia, wakutanishwe kwenye sherehe maalum kwa kura ambayo watawala wameichakachua ili wanaofaa wazae na wanaofaa, wanawake wazalie mji toka miaka 20 hadi 40, wanaume mpaka 55, na watoto wasijue wazazi wao ni nani. Hiyo sio dharau kwa kuzaa, ni woga, alikuwa anaogopa neno "wangu" likiingia kati ya watawala litaupasua mji. Lakini ona mapenzi yamepotea kabisa hapo, yamebaki mahesabu ya mfugaji.

Kwenye Sheria, kitabu chake cha uzeeni, alirudi kwenye ndoa ya kawaida. Mwanamume aoe kati ya miaka 30 na 35, asipooa alipe faini kila mwaka. Na sababu anayotoa nadhani utaitambua, kwamba jamii ya wanadamu ina fungu lake la kutokufa, inalipata kwa kuacha watoto wa watoto, na kujinyima hilo kwa makusudi ni kosa. Neno kwa makusudi lipo, dada, faini ni ya aliyekataa, sio ya aliyekosa. Ni wazo lile lile la Diotima, ila limevuliwa uzuri likavikwa magwanda ya serikali.

Mwanafunzi wake Aristotle alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye biolojia, akasema tendo la asili kuliko yote kwa kiumbe hai, mnyama kwa mnyama na mmea kwa mmea, ni kuzaa kingine kama chenyewe ili kishiriki umilele kwa kadiri kinavyoweza. Kuhusu mke na mume anasema neno ambalo halitakufurahisha, kwamba watoto ni kifungo na wasio nao huachana upesi zaidi. Ila hapo hapo amesema wanadamu tofauti na wanyama hawakai pamoja kwa ajili ya kuzaa tu, wanakaa kwa ajili ya mambo yote ya maisha, na kama wote ni watu wema urafiki wao unaweza kusimama kwenye huo wema. Mwenyewe alimwoa Pythias, wakapata binti, na kwenye wasia wake aliagiza mifupa ya Pythias iwekwe pamoja na yake popote atakapozikwa, kama mke alivyotaka. Sifahamu hoja yake ya kifalsafa kuhusu hilo na sidhani alihitaji kuwa nayo.

Na haya mambo ya "mapenzi ya kiplato", kwamba ni mapenzi ya watu wasiogusana, hayo yalikuja kuwekwa na watu wa baadae sana, hasa Marsilio Ficino wa Florence karne ya 15. Diotima ngazi yake inaanzia kwenye mwili na hauombei msamaha.

Kuhusu kusoma. Tafsiri zote nzuri zina namba pembeni, zinatoka kwenye chapa ya Stephanus ya mwaka 1578, kwahiyo hata mkiwa na tafsiri tofauti mtapatana. Usianze mwanzo wa Karamu, mlolongo wa fulani kaambiwa na fulani utakuchosha. Anza 199c Socrates anapomhoji Agathon, nenda mpaka 212c, soma kwa sauti ikiwezekana. Halafu rudi kwa Aristophanes 189c, kisha Alcibiades mpaka mwisho. Ukimaliza tafuta Theaetetus toka 148e hadi 151e, kurasa chache tu, Socrates anaeleza kwamba mama yake Phaenarete alikuwa mkunga na yeye kafuata kazi hiyo hiyo, hana hekima aliyoizaa mwenyewe ila anawazalisha wengine mawazo yao na kuangalia kama mtoto ni mzima au ni yai la upepo. Humo anakumbusha pia kwamba mlezi wa wanaojifungua, Artemis, ni mungu ambaye hajawahi kuzaa. Sheria iache mpaka mwisho, ni vitabu 12 na vinachosha, hiyo sehemu ya ndoa iko kitabu cha 4, namba 721.